Bushi kukaa imara ndani ya giaboksi ya easofti: maana yake na namna ya kuifikia

Bushi ni kikombe kidogo chenye tundu katikati, kinachoshikilia ncha ya shafti ya gia. Giaboksi ya kawaida ya bunduki ya umeme ya easofti, yaani bunduki ya mchezo inayofyatua vidonge vya plastiki, ina gia tatu: ya beveli inayopokea nguvu kutoka pinioni (gia ndogo) ya mota, ya kati, na ya sekta inayovuta pistoni. Kila gia ina shafti ya mm 3 yenye ncha mbili, kwa hiyo bushi ni sita, tatu kwenye kila nusu ya ganda. Kipenyo cha nje hutofautiana: ziko za mm 6, 7, 8 na 9.

Bushi hukaa imara pale ambapo kinachozunguka ni shafti peke yake. Bushi yenyewe haizunguki, haichezi, haiinuki kutoka kwenye tundu. Mengi wanayoyalaumu watu kwenye gia au shimu (vipete vyembamba vya kupangia nafasi ya gia kwenye shafti) huanzia hapa. Shafti inapozunguka huiburuta bushi kwa msuguano, na springi inapobanwa huisukuma kando kwa nguvu kila risasi. Bushi iliyolegea ikianza kuzunguka husaga tundu lake, kwa kuwa ganda la aloi ya zinki au alumini ni laini kuliko bushi ya chuma. Tundu la duara hugeuka yai, gia husogea, meno yanakamatana kwa ncha tu, na mwisho yanakatika.

Dalili yake huonekana ukifungua: ukuta wa tundu una mkanda unaong'aa kama kioo, na grisi iliyouzunguka imekuwa nyeusi-kijivu, nzito, imejaa unga wa metali. Kabla mambo hayajafika huko, kuna kipimo chepesi. Chora mstari mwembamba wa kalamu ya wino usiofutika kuanzia ganda hadi juu ya bushi, upande wa nje. Fyatua bunduki mara mia kadhaa, kisha tazama. Mstari ukiwa umekatika, bushi inazunguka.

Kazi huanza na usafi. Osha ganda, futa matundu kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Grisi kidogo tu ikibaki, hakuna gundi itakayoshika. Bushi za shaba zilizotengenezwa kwa unga uliobanwa zina vinyweleo vyenye mafuta ndani yake. Usiziloweke, zifute kwa nje tu.

Sasa jaribu kuingiza kila bushi bila gundi, mdomo wake mpana ukiwa upande wa ndani wa ganda. Inayofaa huingia kwa kusukumwa na kidole gumba kwa nguvu, au kwa kubanwa polepole kwenye jiriwa yenye vipande vya mbao pande zote mbili. Usigonge kwa nyundo: ikiingia upande, shafti itabanwa. Inayokataa kabisa ipunguze kwa kuizungusha ndani ya msasa namba 600 au zaidi, ukipima mara kwa mara, maana sehemu mbili za mia za milimita zatosha kubadili kila kitu. Sugua bushi, usiguse tundu. Bushi ni kitu cha kubadilishwa; tundu likishapanuka, limepanuka. Kulazimisha bushi iliyozidi kuna hasara mbili: ganda huweza kupasuka, na tundu la mm 3 husinyaa hadi shafti igome.

Inayoingia yenyewe bila kusukumwa ndiyo inayohitaji gundi. Supaglu hukauka haraka na hutosha kwa bushi iliyolegea kidogo sana, lakini ni kavu kama kioo: mtikisiko na joto huivunja. Gundi ya kushikilia beringi, ile inayokauka metali zikikutana pasipo hewa, ni bora kwa pengo jembamba, ila ni ya metali kwa metali. Bushi za plastiki haziitaki. Epoksi ya sehemu mbili ndiyo tegemeo pale tundu lilipokwisha kulika. Gundi ya kuzuia skrubu zisilegee si mbadala wa hizi.

Kwaruza kidogo mgongo wa bushi kwa msasa, kisha paka gundi kwa kijiti kwenye ukuta wa tundu, si kwenye bushi. Sababu ni hii: ukipaka bushi, ukingo wa tundu huifuta gundi yote na kuirundika chini ya mdomo, na bushi inabaki imeinuka. Ukipaka ukuta, ziada husukumwa mbele na kutokea nje, ambako unaifuta. Kama badala ya bushi unatumia beringi, uangalifu uwe mara mbili, kwani tone moja likiingia kwenye mipira yake, beringi imekwisha.

Hatua ambayo haifai kurukwa ni kuzipanga bushi gundi ikiwa bado mbichi. Paka shafti grisi kidogo ili gundi isizishike, weka gia zote tatu, funga nusu mbili za ganda na kaza skrubu. Shafti zenyewe zitazinyoosha bushi zitazamane. Zungusha gia kwa kidole kila baada ya dakika chache. Ukihisi ugumu, fungua mara moja. Kwa epoksi au gundi ya beringi acha saa 24. Baadaye futa ile grisi, kagua kila mdomo kama umelala bapa kwenye ganda, na tia tone la mafuta kila tundu.

Shimu huja baada ya hapo, kamwe si kabla. Shimu za mm 0.1 hadi 0.5 hupimwa kutoka kwenye uso wa bushi, kwa hiyo bushi ikizama sehemu ya kumi ya milimita baadaye, hesabu yote imeharibika na gia zitaanza kulia.

Ukihitaji kuitoa bushi iliyogandishwa, ipashe moto kwa ncha ya chuma cha kulehemu cha mafundi redio hadi gundi ilainike, kisha isukume kutoka nje kwenda ndani, ikiwa bado ya moto.