Mzee wa kanisa la Presbiteri katika maeneo mapya ya walowezi wa Marekani

Kwa Wapresbiteri, mzee wa kanisa ni muumini wa kawaida, si mchungaji, ambaye washirika wenzake wamemchagua alisimamie kanisa pamoja na mchungaji. Huwekwa wakfu na hapati mshahara. Anayesali PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, kule Kenya anamjua vizuri mtu huyu, maana kanisa hilo na lile la Marekani yote mawili yana mizizi Scotland. Lakini cheo hichohicho kilipofika kwenye misitu ya magharibi mwa Pennsylvania, Kentucky na Tennessee, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, kilibeba mzigo mzito zaidi.

Sababu kubwa ilikuwa uhaba wa wachungaji. Walowezi wengi wa huko walikuwa watu wa asili ya Scotland waliopitia Ulster, kaskazini mwa Ireland, na kanisa lao lilitaka mchungaji awe msomi, mwenye kujua Kilatini na Kiyunani. Wasomi wa namna hiyo hawakutosha. (Jambo hili lilichangia hata kulipasua kanisa: mwaka 1810 Wapresbiteri wa Cumberland walijitenga.) Mchungaji mmoja alihudumia makanisa kadhaa, akisafiri kwa farasi. Jumapili ambayo hakuwepo, wazee ndio waliokusanya watu, wakaongoza maombi na kuwauliza watoto maswali ya Katekisimo Fupi ya Westminster, kitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu; maswali yenyewe yapo 107. Kubatiza hawakuruhusiwa, wala kuongoza Meza ya Bwana, yaani ibada ya mkate na divai. Siku za kazi walikuwa mashambani, wakikata miti na kulima mahindi kama majirani zao.

Mamlaka ya mzee hayakuwa ya mtu mmoja. Wazee waliketi barazani, mchungaji akiwa mwenyekiti, na baraza hilo ndilo lililopokea washirika wapya na kuwarudi waliokosea. Ulevi, uzinzi, kuvunja Sabato, kusingizia mtu, kudhulumiana katika biashara, yote yalifika hapo. Mashahidi walihojiwa, na uamuzi ukaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu. Mkosaji aliweza kuonywa, kukemewa mbele ya kanisa zima, au kuzuiwa Meza; asiyeridhika alikata rufaa presbiteri, yaani baraza la juu la makanisa ya eneo lile. Kwangu mimi, hapa ndipo penye uzito wote wa kazi hii. Yule uliyemhukumu leo ndiye utakayemwita kesho akusaidie kuinua magogo ya nyumba yako, na huna jirani mwingine wa karibu.

Meza ya Bwana haikuandaliwa mara nyingi, na ilipoandaliwa ilichukua siku kadhaa: kufunga na kuomba kwanza, mahubiri ya maandalizi Jumamosi, Meza yenyewe Jumapili, shukrani Jumatatu. Mkutano wa Cane Ridge, Kentucky, wa Agosti 1801, uliovuta maelfu ya watu, ulianza kama sikukuu ya namna hii. Kabla ya Jumapili, kila aliyeonekana anastahili alipewa kipande kidogo cha madini ya risasi, mara nyingi kikubwa kidogo tu kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye herufi za kanisa lake. Watu waliketi kwenye meza ndefu, na wazee wakapita wakivikusanya vipande vile. Asiye nacho hakuketi.

Upande wa kusini, baadhi ya wazee hao walimiliki watumwa, na wapo watumwa waliokuwa washirika wa kanisa hilohilo, chini ya baraza hilohilo. Mwaka 1818 Mkutano Mkuu wa kanisa ulitangaza kwamba utumwa unavunja vibaya haki takatifu za binadamu, lakini haukuwafungia Meza wenye watumwa. Linauma jambo hili, na halifai kufichwa. Mlevi alinyimwa kile kipande cha risasi. Aliyemmiliki binadamu mwenzake alikipata, na pengine yeye ndiye aliyekuwa akivigawa.