Umbali wa nyota hupimwaje? Anza na kisiwa cha Toten

Umbali wa nyota hupatikana kwa pembetatu mraba ileile inayofundishwa sekondari. Fomula ni nyepesi. Kinachosumbua ni urefu wa mstari wa msingi, yaani umbali kati ya sehemu mbili unazotazamia, na hilo linajionyesha vizuri ufukweni Tanga, mkabala na Toten.

Chagua mti mmoja kisiwani. Usilenge mashua, maana hata iliyotia nanga huzungushwa na upepo na mkondo. Chomeka kijiti A, kisha nyoosha kamba ya mita 100 inayofanya nyuzi 90 na mstari wa kuelekea kwenye mti. Mwisho wa kamba chomeka kijiti B, simama hapo, pima pembe kati ya A na mti. Tuseme umesoma nyuzi 86: umbali ni 100 × tan 86, yaani mita 1,430. Ukikosea ukasoma 87, jibu linaruka hadi mita 1,908! Refusha msingi uwe mita 400 na mti uleule utasomeka nyuzi 74.4, hapo kosa la nyuzi moja linakupotosha kwa mita 100 hivi tu. Kipimapembe cha shule nacho ni kidogo mno, kwani nyuzi moja haifiki hata milimita moja. Chora chako juu ya plaiwudi, nusu kipenyo sentimita 30, nyuzi moja iwe milimita 5.

Kwa Mwezi, msingi ni nusu kipenyo cha Dunia, kilomita 6,378. Anayeuona ukichomoza baharini na anayeuona utosini wakati huohuo huuona mahali tofauti kati ya nyota, kwa wastani wa nyuzi 0.95. Gawanya 6,378 kwa sin 0.95: kilomita 384,700 hivi.

Nyota zinadai msingi mkubwa zaidi, nao ni umbali wa Dunia hadi Jua, kilomita milioni 149.6. Alpha Centauri, inayong'aa kusini mwa anga la Tanga jioni za Juni karibu na Msalaba wa Kusini, kwa msingi huo huhama kati ya nyota za mbali kwa pembe ya sekunde 0.75 tu; sekunde hapa si ya saa, ni 1/3,600 ya nyuzi moja. Mwanaastronomia Thomas Henderson aliipima nyota hii akiwa Rasi ya Tumaini Jema, 1832 hadi 1833, lakini akachelewa kutangaza. Mwenzake Friedrich Bessel akamtangulia mwaka 1838 kwa nyota 61 Cygni.

Ukikokotoa mwenyewe, gawanya 0.75 kwa 3,600 upate nyuzi 0.00020833, kisha gawanya milioni 149.6 kwa tan yake. Jibu ni kilomita trilioni 41.1, karibu miaka ya nuru 4.35 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Ukikadiria pembe kuwa 0.0002 umeongeza trilioni 1.7 hewani. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye nyuzi, si radiani. Na kama ulilinganisha picha za miezi sita tofauti, chukua nusu ya pembe uliyoipata, kwa sababu Dunia imehama kutoka upande mmoja wa Jua hadi wa pili. Wengi husahau nusu hiyo, na nyota yao inatokea iko nusu tu ya umbali wake wa kweli.