Piranya hawawindi watu kwa makundi
Imani kwamba piranya, samaki wa mito ya Amerika Kusini mwenye meno makali, humla mtu akabaki mifupa kwa dakika chache ilienea sana baada ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, kurudi kutoka Brazili mwaka 1914 na kuandika juu yao. Piranya wa tumbo jekundu, ambaye kwa kawaida hazidi sentimita 30, hula samaki wadogo, mapezi ya wenzake, wadudu, mizoga, hata mimea. Kundi si mbinu ya kuwinda. Watafiti katika hifadhi ya Mamirauá, Amazonia nchini Brazili, waliona kuwa ni kinga: waliokomaa kuzaa hukaa katikati na wadogo pembeni, kwa kuwa pomboo wa mtoni, kaimani (jamii ya mamba) na minandi (ndege wala samaki) huwala.

Kuuma wanauma kweli, na meno yao hunyofoa nyama. Ila mara nyingi ni jeraha moja, mguuni, katika maji tulivu ya mabwawa, mzazi akilinda mayai kwenye magugu. Usioge pale wavuvi wanapotupa matumbo ya samaki, wala kwenye vidimbwi vya kiangazi ambamo samaki wamebanwa bila chakula. Ukimnasa, mchomoe ndoana kwa koleo, vidole mbali na mdomo. Wavuvi wengi huumwa samaki akiwa tayari mtumbwini.