Je, wajua kwa nini Nyangwe, mji wa Waswahili kando ya mto Lualaba, ulikua haraka na ukazimika haraka?

Ukimuuliza mtu akutajie miji ya zamani ya Waswahili atakuanzia Kilwa, Lamu, Pangani, Bagamoyo, akijitahidi ataongeza Tabora na Ujiji, basi kaishia hapo. Nyangwe hautajwi. Na simlaumu mtu, maana hata kwenye ramani ya simu inabidi uvute sana ndo ukione kijina chake: uko Kongo, mkoa wa Maniema, upande wa Kasongo, ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, kama kilomita 1,400 kutoka Bagamoyo ukipima kwa rula, na enzi hizo hakuna aliyekwenda kwa rula, watu walitembea miezi na miezi mizigo kichwani, wakavuka na ziwa Tanganyika kwa mashua hapo katikati.

Lakini kuanzia miaka ya 1860 mpaka 1893 hapa palikuwa kati ya sehemu za mbali kabisa Waswahili walipofika na kujenga mji wa maana. Nyumba za udongo zenye baraza, mashamba ya mpunga, mipapai, vitunguu, masheikh wa kanzu, na Kiswahili ndo lugha ya biashara. Sasa ulifikaje pale, na kwa nini leo ni kakijiji tu? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba Wabelgiji walikuja wakaubomoa, kwisha. Ni kweli walikuja na walibomoa, ila mimi naona jibu hilo linaruka kitu kikubwa: Nyangwe ulikuwa mji wa mtoni ambao haujawahi kuumiliki mto. Mitumbwi ilikuwa ya watu wengine.

Tuanze na gulio. Kabla ya msafara wowote kutoka pwani pale kandokando ya mto palikuwa tayari na soko la siku maalum, wanawake wanakuja kwa mamia kutoka ng'ambo zote mbili, wanavuka na samaki, konokono, mawese, chumvi, vyungu, kuku, muhogo, hata kama vijiji vyao vina ugomvi siku ya soko ugomvi unawekwa pembeni. Waliokuwa wanawavusha ni Wagenia, wavuvi na wapiga kasia wa Lualaba, hao ndo wenye mto. Kwa hiyo wafanyabiashara wa pwani hawakuanzisha soko pale, walilikuta, wakakaa juu yake.

Na walikaa kwa sababu ya pembe za ndovu. Huko Manyema (ndo hiyo Maniema) pembe zilikuwa hazina soko la nje, kuna habari za pembe kutumika kama nguzo za nyumba, ukifika na shanga na kauri na nguo unapata bei chee kabisa, wakati Zanzibar bei inapanda kila mwaka maana Ulaya na Marekani wanataka vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Aliyefika mapema akatia mizizi ni Mwinyi Dugumbi, mtu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar, mwaka 1868 kwa maelezo ya Stanley, mwandishi wa habari aliyepita hapo 1876. Baadaye akaja Mwarabu mmoja, Sheikh Abed bin Salim, aliyepewa jina la utani "Tanganyika", mji ukawa na pande mbili, upande wa Dugumbi na upande wa Abed. Na tusipambe: pembe hazitembei zenyewe, zinabebwa, na kati ya waliobeba walikuwemo watumwa wengi waliokamatwa huko huko kwenye vijiji vilivyovamiwa kwa bunduki. Mji ulikula kutokana na vitu viwili hivyo na usimsikilize anayekwambia kuhusu kimoja tu.

Mwishoni mwa Machi 1871 akaingia David Livingstone, mzee mgonjwa, anatafuta chanzo cha Nile. Alikuwa anaamini Lualaba huenda ndo Nile yenyewe, kumbe ni mto Kongo sehemu ya juu, anachotaka ni mitumbwi ateremke nao aone unakoelekea. Akakaa pale karibu miezi minne. Hakupata mtumbwi hata mmoja wa kununua! Wagenia walikuwa wanaona kila siku wageni wa bunduki wanafanya nini, sasa mgeni anakuja anataka vyombo vyao avuke navyo ng'ambo ambako ndo kwao, wewe ungemuuzia? Na watu wa pwani nao hawakuwa na haraka ya kumsaidia. Akabaki anahudhuria gulio, anaandika, wino umeisha anatengeneza wa rangi ya mimea, karatasi zimeisha anaandika juu ya gazeti kuukuu la London. Hayo maandishi yalififia mpaka yakawa hayasomeki, yamekuja kusomwa vizuri mwaka 2011 kwa kupigwa picha za mwanga wa aina mbalimbali.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko. Kwa hesabu ya Livingstone walikuwepo watu kama 1,500, wachache kuliko kawaida kwa sababu ng'ambo vijiji vilikuwa vinachomwa moto na watu wa msafara mwingine na moshi unaonekana. Watu watatu wa Dugumbi wakaingia sokoni na bunduki, jambo ambalo halikuwa desturi, mmoja akaanza kuvutana na muuzaji bei ya kuku. Halafu risasi. Watu wanatupa bidhaa wanakimbilia kijito kilipoegeshwa mitumbwi, na huko karibu na kijito kuna kundi lingine, watu wa Mwinyi Mtagamoyo, nao wanafyatua. Mitumbwi imebanana haitoki, wengine wamesahau makasia, wanawake wanajitosa mtoni wanaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, Livingstone kasimama ukingoni anaona mstari wa vichwa juu ya maji unapungua. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa ni kati ya 330 na 400. Wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu vya jikoni.

Livingstone akaondoka siku tano baadaye akarudi Ujiji, na huko ndo Stanley akamkuta. Habari ya Nyangwe ikafika London 1872, ikawasha hasira, ikaongeza nguvu kwa waliokuwa wanambana Sultani Barghash wa Zanzibar, na Juni 1873 akasaini mkataba uliofunga soko la watumwa Zanzibar. Biashara ya siri iliendelea miaka mingi, hilo lijulikane, lakini ona umbali wake: ugomvi wa kuku kwenye gulio la Lualaba umefika mpaka Mkunazini, lilipokuwa soko hilo la watumwa.

Agosti 1874 akaja Mwingereza mwingine, Cameron. Naye anataka mitumbwi, naye akanyimwa. Ila huyu alikuwa na vipimo, akapima kimo cha mto pale Nyangwe akakuta uko chini kuliko Nile pale Gondokoro, karibu na Juba ya leo, na maji hayapandi mlima, kwa hiyo akasema huu sio Nile huu ni Kongo. Hesabu ya dakika chache imemaliza kilichomsumbua Livingstone miaka. Kisha akapata urafiki na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, akazunguka kwa njia ya kusini akatokea Angola mwaka 1875.

Stanley alifika Oktoba 1876 na huyu alikuwa amejipanga, alikuja na mashua yake kutoka Uingereza, imekatwa vipande, inabebwa mabegani na wapagazi kutoka pwani. Hahitaji kumbembeleza Mgenia. Alichokosa ni watu wa kumlinda, akaahidiana na Tippu Tip dola 5,000 amsindikize vituo sitini, wakatoka Nyangwe mwanzoni mwa Novemba, wakaingia msituni, wiki mbili hivi baadaye mashua ikaunganishwa ikatiwa majini. Tippu Tip aligeuza mwishoni mwa Desemba, Stanley akaendelea, mitumbwi mingine akaipata kwa kuwanyang'anya watu wa njiani, akatokea Boma karibu na Atlantiki Agosti 1877. Hapo ndo mambo ya Nyangwe yakaharibika ingawa wenyewe hawakujua bado. Kabla ya hapo mji ulikuwa mwisho wa njia, ukitaka bidhaa za Manyema lazima upite Ujiji na Tabora. Baada ya hapo Mfalme Leopold wa Ubelgiji akajua kuna mto unaotoka baharini upande wa pili mpaka huku, na Nyangwe ukawa katikati ya wakubwa wawili, Zanzibar upande huu na Leopold upande ule.

Tippu Tip mwenyewe aliusoma upepo mapema. Makao yake yalikuwa Kasongo, sio mbali na Nyangwe, mwaka 1887 akakubali kuwa wali wa Leopold pale maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, halafu 1890 akafunga safari kurudi Zanzibar na hakurudi tena. Alifia huko 1905 kitandani kwake, tajiri. Aliowaacha nyuma, akiwemo mwanawe Sefu, ndo walipigana.

Vita vilianza 1892. Kamanda wa Leopold, Francis Dhanis, alikuwa na maofisa wachache wa kizungu na askari Waafrika, lakini nguvu kubwa ilikuwa maelfu ya watu wa Ngongo Lutete, ambaye alikuwa mtu wa Tippu Tip kisha akahamia upande wa pili. (Malipo yake: Septemba 1893 hao hao Wabelgiji wakampiga risasi kwa tuhuma za usaliti.) Mwisho wa Januari 1893 jeshi likafika ukingo wa magharibi, Nyangwe inaonekana kabisa ng'ambo, na pale wakakwama zaidi ya mwezi. Kwa nini? Mto ni mpana na hawana mitumbwi. Wale wale Wagenia waliowakatalia Livingstone na Cameron sasa wanaangalia nani atashinda, na wana kumbukumbu ya miaka zaidi ya ishirini kuhusu watu wa mji. Mwishowe wakaleta mitumbwi. Tarehe 4 Machi 1893 Dhanis akavuka, mji ukaanguka siku hiyo. Daktari wa jeshi hilo, Hinde, aliukadiria ulikuwa na watu kama 30,000, na baada ya mapigano na moto akasema imebaki nyumba moja kubwa yenye ngome. Kasongo ukafuata Aprili.

Bado mji ungeweza kufufuka, miji mingi ilichomwa ikajengwa upya. Kilichouzika kabisa Nyangwe ni reli. Lualaba una maporomoko mabaya juu yake, meli haziwezi kupita moja kwa moja, kwa hiyo wakoloni wakajenga reli kutoka Kindu mpaka Kongolo ili kukwepa sehemu mbovu, kazi ikamalizika karibu na 1911, na reli ikapita ukingo wa magharibi. Nyangwe uko mashariki. Kindu ukawa mji mkuu wa Maniema, mizigo ikahamia huko, Nyangwe ukaachwa unaangalia maji.

Watu wake hawakupotea lakini. Wengi walitawanyika na misafara na vita, ukikutana na Wamanyema wa Ujiji, wa Tabora, wa Kariakoo Dar es Salaam, wa Buyenzi kule Bujumbura, asili ya ukoo wao ni nchi hii ya kandokando ya Lualaba, wengine walishuka kama wapagazi, wengine kama askari wa misafara, wengine kama watumwa, na ndani ya familia moja unaweza kukuta vyote vitatu. Maniema penyewe ndo sehemu ya Kongo yenye Waislamu wengi, na Kiswahili chao, Kingwana kama kilivyoitwa kutokana na hao Waungwana wa pwani, kikashuka na mto mpaka Kisangani. Wagenia nao wapo Kisangani, bado wanavua kwenye maporomoko kwa mitego yao mikubwa ya kufuma, na mitumbwi bado ni yao.