Daktari akikuuliza kama uko salama nyumbani

Nilikwenda kutibiwa kichwa. Mbona daktari ananiuliza habari za mwenzangu?

Kwa sababu ni wachache wanaofika hospitalini wakasema, "Nimepigwa." Wengi huja na kichwa kisichopona, tumbo linalouma miezi na miezi, kukosa usingizi, au jeraha lisilolingana na maelezo yake. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 yanaonyesha kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, mara nyingi na mwenzi wake. Wanaume na wazee nao huumizwa, wasisahauliwe.

Mume wangu huingia nami kwa daktari. Nitasemaje?

Usiseme mbele yake. Na mhudumu anayeijua kazi yake hataliuliza swali hilo mbele ya mwenzi, mkwe, wala mtoto aliyeanza kuongea, na hatamfanya ndugu kuwa mkalimani. Atatafuta namna ya kubaki nawe peke yako, kwa mfano kukupeleka kupima mkojo. Akikosa faragha, bora anyamaze hadi siku nyingine, maana swali hilo likisikiwa na asiyepaswa kulisikia, mgonjwa anaweza kuponzwa nalo usiku huohuo.

Huulizwa nini hasa?

Dodoso liitwalo HITS lina maswali 4: ni mara ngapi mwenzi wako hukuumiza, hukutukana, hukutishia, hukufokea. Kila jibu lina alama 1 hadi 5, na jumla ikizidi 10 ni ishara ya hatari. Mimi ningeongeza moja: amewahi kukukaba shingo? Kukabwa huweza kusiache alama yoyote, ilhali ni miongoni mwa ishara nzito kwamba siku moja anaweza kuua. Kama ulikabwa, kisha ukazimia, sauti ikakauka au kumeza kukawa kwa shida, nenda kachunguzwe leo, hata kama siku zimepita.

Nikikubali, polisi wataitwa?

Hutegemea sheria za nchi, kwa hiyo uliza kabla hujaeleza. Pia mtu asikuharakishe kuondoka kwako. Hatari huongezeka hasa wakati wa kuachana, ndiyo maana safari hiyo hupangwa kimyakimya: nyaraka, akiba kidogo, na mtu wa kukupokea.

Na nikikana, ingawa ni kweli?

Hujakosea. Mhudumu hapaswi kukubana wala kukununia. Unaweza kurudi na kichwa kilekile mara tatu, ukasema mara ya nne.