Bili ya umeme Marekani: Washington inashika wapi, jimbo linashika wapi?

Dhana: Bili ya nyumbani ikipanda, mkono ni wa Washington, yaani serikali kuu.

Ukweli: Bei anayolipa mwenye nyumba husimamiwa na jimbo lake. FERC, tume ya shirikisho ya nishati, hushika umeme wa jumla, yaani ule ambao kampuni hununua kwa mwenzake ili iuuze tena, pamoja na njia kuu za kuusafirisha kati ya majimbo.

Mgawanyo huo umo katika sheria ya 1935, na chanzo chake ni ugomvi wa mkataba. Mwaka 1917 kampuni ya Narragansett ya Rhode Island ilikubali kuiuzia Attleboro, jirani yake wa Massachusetts, umeme kwa miaka 20. Gharama zikapanda, mauzo yakawa hasara, na tume ya Rhode Island ikaruhusu bei mpya. Attleboro ikaipinga mahakamani. Umeme wenyewe ulikabidhiwa palepale mpakani, na mita ilikuwa upande wa Massachusetts. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hiyo ni biashara kati ya majimbo, hivyo tume ya jimbo haiwezi kuipangia bei. Na kwa kuwa serikali kuu haikuwa na sheria yoyote, mauzo ya namna hiyo yakabaki miaka minane bila msimamizi.

Dhana: Kampuni ambayo nyaya zake hazivuki mpaka, Washington haiigusi.

Ukweli: Florida Power & Light ilijaribu utetezi huo ikashindwa mwaka 1972. Nyaya zake ziliishia kwa kampuni nyingine ya Florida, na hiyo ndiyo iliyounganika na Georgia. Lakini umeme wa kila upande hukutana kwenye upau mmoja wa chuma unaounganisha nyaya kituoni, kama maji ya mabomba mawili ndani ya pipa. Nani atayatenga? Basi umeme wake ukahesabiwa kuwa unavuka mpaka.

Dhana: Texas iko nje kabisa ya mamlaka ya FERC.

Ukweli: Karibu. Gridi yake kubwa, ERCOT, haipangiwi bei na FERC, ila viwango vya uthabiti wa gridi vinaibana tangu sheria ya 2005. El Paso, kwanza, haimo ERCOT.

Dhana: Mahakama huipendelea FERC, majimbo hayana chao.

Ukweli: Mwaka 2016 Maryland ilishindwa kwa kura 8 kwa 0, baada ya kukihakikishia kituo kipya bei tofauti na ile ya mnada wa umeme wa jumla unaosimamiwa na FERC. Hata hivyo, majaji waliacha wazi njia nyingine: jimbo likitaka kituo, linaweza kukipa ardhi, nafuu ya kodi au ruzuku, mradi halichezei bei ya mnada.