Je, wajua kwa nini mshtakiwa wa mauaji nchini Kenya anaweza kupewa dhamana?

Ndugu wa marehemu wanapomwona mshtakiwa akirudi nyumbani wiki chache baada ya mazishi, wengi huamini kuwa jaji amehongwa. Mara nyingi sivyo. Kabla ya Katiba ya 2010, aliyeshtakiwa kwa mauaji, uhaini au wizi wa mabavu alikaa rumande hadi hukumu. Kifungu cha 49(1)(h) kilibadilisha hali hiyo: kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti yanayofaa, ila pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Hakuna kosa lililotengwa.

Kwa hiyo uzito wa shtaka pekee hautoshi kumnyima mtu dhamana. Jaji huutazama kwa sababu adhabu kali, hasa pale ushahidi unapoonekana kuwa imara, humpa mtu hamu ya kutoroka. Anachotaka kujua hasa ni kama mshtakiwa atafika mahakamani kila akiitwa, na kama mashahidi watabaki salama.

Upande wa mashtaka ukipinga, mzigo wa kuthibitisha ni wao, kwa kawaida kupitia hati ya kiapo ya afisa mpelelezi. Hapa ndipo pingamizi nyingi hukwama. Kuandika tu kwamba “atawavuruga mashahidi”, bila kusema atawafikiaje au amekwisha kujaribu nini, ni kuleta hofu tupu. Lakini kiapo kikionyesha kuwa shahidi mkuu ni mtoto anayeishi boma moja na mshtakiwa na kulishwa naye, vitisho havihitaji hata kutamkwa. Huyo mtoto atasemaje dhidi ya anayempa chakula?

Jaji pia huagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa hufika kijijini, huuliza kuhusu makazi, kazi na familia ya mshtakiwa, huzungumza na chifu na pia familia ya marehemu. Familia hiyo isinyamaze: Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wao uzingatiwe masharti yanapowekwa. Uhasama ukiwa bado unachemka, mshtakiwa anaweza kuzuiliwa kwa usalama wake mwenyewe, au kuachiliwa kwa sharti la kuishi kwingine, asalimishe pasipoti na kuripoti polisi kila baada ya muda fulani.

Kukubaliwa dhamana si kutoka siku hiyo. Mdhamini huhojiwa, na hati miliki ya shamba hukaguliwa pamoja na cheti cha upekuzi kutoka ofisi ya ardhi na ripoti ya thamani. Wengi hukwama kwa sababu hati bado ina jina la babu aliyefariki na urithi haujagawanywa, au mke au mume wa mdhamini hajatoa idhini. Mshtakiwa akitoroka, hati ya kumkamata hutolewa, na mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe kiasi chote alichoahidi.

Mdhamini akianza kuwa na shaka, asingoje hadi hapo. Anaweza kuiomba mahakama imwondoe. Mshtakiwa hukamatwa, huletwa mbele ya mahakama na kutakiwa kutafuta mdhamini mwingine. Akimkosa, hurudi rumande.